Ozoni ya Hewa ya Chini: Namna Hali ya Hewa Inavyoipandisha na Kuishusha, na Namna ya Kuieleza kwa Kiswahili

Ikisiri

Msemaji wa Kiswahili anapolisikia neno ozoni, aghalabu hulikumbuka tabaka la juu angani linalomkinga dhidi ya miale mikali ya jua. Makala haya yanaishughulikia gesi hiyohiyo inapokuwa mahali pengine, yaani katika hewa ya chini inayovutwa na watu, wanyama na mimea. Yanaonyesha kwamba ozoni ya chini haitoki moja kwa moja katika bomba la gari wala dohani la kiwanda, bali huundwa hewani, na kwamba jua, joto, upepo, mawingu na umbo la nchi huamua kwa kiasi kikubwa itakuwa nyingi au kidogo. Mfano mkuu umetolewa Los Angeles, mji ambako siri ya gesi hii ilifumbuliwa. Kisha mjadala unageukia Afrika Mashariki. Makala yanahitimisha kwa hoja ya kiisimu: kama Kiswahili kitaendelea kulitumia neno ozoni bila kutaja mahali, onyo la hatari linaweza kupokelewa kama habari njema.

1.0 Utangulizi

Wahenga walisema kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Methali hii imejengwa juu ya uzoefu wa watu waliozisoma mbingu kwa macho, wakajua lini wapande, lini waanike na lini watweke tanga. Inafunza kwamba jambo kubwa halikosi kutanguliwa na ishara. Pana jambo moja la angani, hata hivyo, ambalo ishara yake ni kinyume cha mawingu. Siku ya jua kali, mbingu nyeupe, upepo umetulia na majani hayatikisiki, ndiyo siku ambayo gesi ya ozoni hupanda katika hewa ya chini ya miji mingi duniani. Aidha, methali nyingine hueleza kwamba penye moshi hapakosi moto. Lakini ozoni haina moshi. Katika viwango vinavyopatikana mijini, gesi hii haionekani kwa macho.

Madhara yake yanajulikana vyema. Ozoni huwasha njia ya pumzi, hukohoza, huamsha pumu na hupunguza uwezo wa mapafu, hasa kwa watoto, wazee na watu wafanyao kazi nzito nje. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba wastani wa saa nane usizidi mikrogramu 100 kwa mita moja ya ujazo ya hewa. Na mwaka 2021 liliongeza pendekezo la mikrogramu 60 kwa wastani wa msimu ambao gesi hii huwa juu. Mimea nayo haisazwi. Ozoni huingia kupitia vitundu vya majani na kudhoofisha uwezo wa jani kujitengenezea chakula. Ngano, soya na maharagwe ni miongoni mwa mazao yanayoathirika kwa urahisi.

Makala haya yanalenga kujibu maswali matatu. Je, ozoni ya chini huundwaje? Hali ya hewa ina mkono gani katika kupanda na kushuka kwake? Na je, mwalimu, mfasiri au mtangazaji wa Kiswahili aieleze vipi ili asipotoshe?

2.0 Gesi moja, makao mawili

Oksijeni ya kawaida ina atomu mbili katika kila molekuli. Ozoni ina tatu. Atomu hiyo ya tatu haikushikamana kwa nguvu, na ndiyo huifanya ozoni iwe na pupa ya kuvamia kila inachokigusa, kiwe mpira, jani au pafu. Jina lake lilitolewa mwaka 1840 na Christian Friedrich Schönbein, mwanakemia wa Basel nchini Uswisi, kutokana na kitenzi cha Kigiriki chenye maana ya kunuka. Kwa hivyo, tangu mwanzo gesi hii iliitwa kwa harufu yake, wala si kwa faida wala hasara yake.

Takribani asilimia 90 ya ozoni yote iko katika stratosfia, yaani tabaka la angahewa ambalo katika maeneo ya ikweta huanza kiasi cha kilomita 16 hadi 18 juu ya ardhi. Huko huchuja miale ya urujuanimno, na bila kinga hiyo uhai wa nchi kavu ungekuwa mashakani. Ulimwengu uliposhtushwa na kuharibika kwa tabaka hilo, ulikubaliana kulilinda kupitia Mkataba wa Vienna wa mwaka 1985 na Itifaki ya Montreal iliyotiwa saini tarehe 16 Septemba 1987. Sekretarieti inayosimamia mikataba hiyo iko Nairobi, chini ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira. Ni kupitia mlango huo ambapo neno ozoni lilipata umaarufu katika Kiswahili cha magazeti, redio na madarasa: liliingia likiwa limeandamana na neno tabaka, na kitenzi chake kikawa kulinda.

Sehemu iliyosalia, kama asilimia 10 hivi, iko katika troposfia, tabaka la chini ambamo mvua, upepo na mawingu hutokea. Kiasi fulani huteremka kutoka juu, lakini kingi huundwa humuhumu chini. Ozoni hii haipandi kwenda kuziba pengo la tabaka la juu, kwani haidumu muda wa kutosha kufika huko. Ni gesi ileile, ila makao yake yamebadilisha kazi yake: ile iliyo mlinzi huko juu, huku chini ni mwenye kudhuru.

3.0 Ozoni ya chini huundwaje?

Vinavyohitajika ni vitu vitatu. Cha kwanza ni oksidi za nitrojeni, ambazo hutokana na moto mkali: injini za magari, mitambo ya umeme inayotumia mafuta au makaa ya mawe, na mioto ya nyika. Cha pili ni kampaundi za kaboni zinazovukiza upesi, kama vile mvuke wa petroli, rangi, vimiminika vya kusafishia, moshi wa kuni, na hata hewa inayotolewa na miti yenyewe. Cha tatu ni mwanga wa jua.

Utaratibu wenyewe unaweza kufananishwa na mkopo. Nitrojeni dioksidi ina atomu mbili za oksijeni. Mwanga wa jua ukiipiga, humeguka na kuachilia atomu moja. Atomu hiyo pweke hujiunga na molekuli ya kawaida ya oksijeni, na hapo ozoni huzaliwa. Kinachobaki ni nitrojeni monoksidi, iliyo kama mkopeshaji aliyetoa mali yake na sasa anaidai. Ikikutana na ozoni, huichukua tena atomu yake na kurudia hali ya kwanza, nayo ozoni huwa oksijeni ya kawaida. Mambo yangeishia hapo, deni lingelipwa dakika kwa dakika na ozoni isingerundikana.

Hapa ndipo kampaundi za kaboni zinapoingilia. Zinapovunjwavunjwa hewani kwa msaada wa jua, huzaa chembe zenye oksijeni ya ziada, na chembe hizo humlipa mkopeshaji kwa niaba ya ozoni. Deni likishalipwa na mtu wa kando, ozoni hubaki salama, na nitrojeni dioksidi huwa tayari kukopesha upya. Mzunguko huu ukirudiwa tena na tena katika hewa isiyosogea, ozoni huongezeka saa baada ya saa. Mambo matatu ya maana yanajitokeza: bila jua hakuna mkopo, bila kampaundi za kaboni deni haliachi kudaiwa, na bila utulivu wa hewa viungo hutawanyika kabla kazi haijakamilika. Mambo mawili kati ya hayo, jua na utulivu wa hewa, ni ya hali ya hewa moja kwa moja.

4.0 Mfano wa Los Angeles

Tarehe 26 Julai 1943, Vita vya Pili vya Dunia vikiwa vimepamba moto, wakazi wa Los Angeles katika jimbo la California, Marekani, walifunikwa na ukungu uliowachoma macho na kuwakereketa koo. Wapo waliodhani kwamba adui amewashambulia kwa gesi ya sumu. Baadaye lawama ziliangukia kiwanda kimoja cha kemikali za kutengenezea mpira. Kiwanda kikafungwa kwa muda, lakini ukungu haukuondoka.

Kosa la awali lilikuwa la kifikra, na kwa sehemu lilikuwa la lugha. Mwaka 1905, daktari Henry Antoine des Voeux wa London aliunganisha neno la moshi na neno la ukungu ili kuipa jina hewa chafu ya mji wake. Jina hilo lilifaa London, mji wa baridi, unyevu na makaa ya mawe, ambako mwezi Desemba 1952 maelfu ya watu walikufa kwa moshi wa aina hiyo. Lilipohamishiwa Los Angeles, lilibeba picha isiyolingana na mahali. Los Angeles haikuwa na baridi wala ukungu wa maji, na wala makaa ya mawe hayakuwa tatizo lake kuu. Ilikuwa na jua, ukame na magari. Waliotafuta moshi walikuwa wakilifuata neno.

Aliyefumbua fumbo alikuwa Arie Haagen-Smit, mwanakemia mzaliwa wa Uholanzi aliyefundisha katika Taasisi ya Teknolojia ya California mjini Pasadena, na ambaye kabla ya hapo alikuwa akichunguza viini vya ladha ya nanasi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alidhihirisha kwamba mvuke wa petroli na oksidi za nitrojeni vikiangaziwa na jua huzaa ozoni. Ushahidi mmojawapo ulikuwa wa kila siku: mipira iliyowekwa katika hewa ya mji huo ilipasuka nyufa upesi, na nyufa hizo zikawa kipimo cha ozoni.

Swali lililobaki ni hili: kwa nini Los Angeles kabla ya miji mingine? Jibu liko katika hali ya hewa na umbo la nchi. Mji huo uko bondeni. Upande mmoja ni Bahari ya Pasifiki, na pande nyingine zimezungukwa na milima, ikiwemo San Gabriel. Majira ya kiangazi, eneo kubwa la mgandamizo mkubwa wa hewa hukaa juu ya bahari hiyo. Hewa yake hushuka polepole, na hewa inaposhuka hupata joto. Chini yake hupenya hewa baridi ya bahari. Kwa kawaida halijoto hupungua kadiri mtu anavyopanda. Hapa mambo hugeuka, joto likawa juu na baridi chini. Mgeuko huu wa halijoto ni kama kifuniko cha sufuria, kwani hewa baridi na nzito ya chini haiwezi kupanda. Uchafu wote hubaki katika tabaka jembamba la mita mia kadhaa, jua likiwaka juu yake mchana kutwa.

Kisha huja upepo wa bahari. Mchana huusukuma mchanganyiko huo kuelekea bara, nao huendelea kuiva njiani. Ndiyo maana viwango vya juu kabisa vya ozoni hupatikana mara nyingi si ufukweni wala katikati ya mji, bali mbali kiasi, kuelekea Riverside na San Bernardino. Mwenye gari hutoa moshi asubuhi ufukweni. Mtoto wa bara hukohoa alasiri. Tangu miaka ya 1970, sheria za magari na petroli zimepunguza sana vilele vya ozoni katika bonde hilo. Hata hivyo, bado halijafikia kiwango cha ubora wa hewa kilichowekwa na taifa, kwani jua, bahari na milima havipokei amri ya serikali.

5.0 Mchango wa kila hali ya hewa

5.1 Mwanga na mawingu

Mwanga ndio chanzo cha mkopo wote. Kwa sababu hiyo, ozoni hufuata saa za jua. Asubuhi magari yanapofurika, viungo humwagwa hewani. Jua likipanda, kazi huanza. Na kilele hufika kati ya saa saba mchana na saa kumi na moja jioni. Mawingu mazito hupunguza miale na kudhoofisha kazi hiyo.

Ikumbukwe pia kwamba mwanga si sawa na joto. Mwaka 2005 wapimaji katika bonde la Upper Green River, jimbo la Wyoming nchini Marekani, waligundua ozoni nyingi katikati ya majira ya baridi, kwenye eneo la visima vya gesi. Theluji iliyotanda ardhini ilikuwa ikiirudisha miale juu kama kioo, na hewa baridi ya bondeni ilikuwa imefungiwa na mgeuko wa halijoto. Hali kama hiyo imeonekana pia katika bonde la Uintah, jimbo la Utah. Mfano huu unamzuia mwanafunzi asidhani kwamba ozoni ni tatizo la joto peke yake.

5.2 Joto

Hata hivyo, mahali pengi siku za joto ndizo siku za ozoni, na sababu ni zaidi ya moja. Joto huharakisha mimenyuko ya kemikali. Huongeza mvuke wa petroli kutoka katika matangi. Huifanya miti mingi itoe kwa wingi kampaundi iitwayo isoprini. Zaidi ya hayo, ipo kampaundi moja inayohifadhi oksidi za nitrojeni katika hewa baridi, kama ghala. Joto likizidi, ghala hilo hufunguka na kuziachilia upya.

Wimbi la joto la Agosti 2003 barani Ulaya lilidhihirisha hayo yote kwa pamoja. Mgandamizo mkubwa wa hewa ulikaa juu ya bara kwa siku nyingi. Mawingu yakakosekana, upepo ukatulia, na vituo vingi vya Ufaransa, Ujerumani na nchi jirani vikapima zaidi ya mikrogramu 180 kwa mita ya ujazo, kiwango ambacho Umoja wa Ulaya huagiza wananchi waarifiwe. Ukame nao ulichangia. Mmea wenye kiu hufunga vitundu vya majani yake, hivyo ukaacha kufyonza ozoni ambayo kwa kawaida ungeiondoa hewani.

5.3 Upepo

Upepo una sura mbili. Ukivuma kwa nguvu, hutawanya viungo na kuichanganya hewa ya chini na ya juu. Ukiwa dhaifu, huviacha vikae pamoja hadi viive. Ukiwa wa wastani na wenye mwelekeo mmoja, huibeba ozoni hadi kwa watu wasiohusika na uchafu ulioizaa.

Jambo hili lina tokeo ambalo huwashangaza wengi. Kando ya barabara yenye msongamano, ozoni inaweza kuwa kidogo kuliko mashambani. Sababu ni yule mkopeshaji: nitrojeni monoksidi iliyotoka mabombani wakati huohuo huidai ozoni atomu yake na kuimaliza. Mashambani wadai wamekwisha njiani, ozoni ikabaki. Usiku nao, jua likishakuchwa, madai huendelea bila mikopo mipya, na ozoni ya mjini hushuka. Mwaka 2020, magari yalipopungua kwa sababu ya janga la korona, oksidi za nitrojeni zilishuka katika miji mingi, lakini katika baadhi ya miji ya Uchina na Ulaya ozoni ilipanda. Wadai walikuwa wamepungua.

5.4 Mvua na unyevu

Mtu anaweza kudhani kwamba mvua huosha ozoni kama inavyoosha vumbi. Sivyo. Ozoni haiyeyuki kwa wepesi katika maji. Mvua huipunguza kwa njia nyingine: mawingu yake hufunika jua, dhoruba zake huchanganya hewa, na maji yake huzima mioto ya nyika. Mvuke wa maji, kwa upande wake, hufanya kazi mbili kulingana na mahali. Juu ya bahari safi, mbali na miji, jua kali pamoja na unyevu mwingi huiangamiza ozoni. Katika hewa chafu, mvuke huohuo husaidia kuzaa chembe zinazoendesha mzunguko wa kuiunda. Umeme wa radi nao huzaa oksidi za nitrojeni, na hivyo kuongeza ozoni katika sehemu za juu za troposfia.

6.0 Afrika Mashariki: majira na pepo

Kutoka katika mifano hiyo, mtu anaweza kuitazama Afrika Mashariki kwa macho mapya. Jua la ikweta lina nguvu mwaka mzima, magari yanaongezeka, na taka na mkaa huchomwa kila siku. Kinachobadilika zaidi ni majira. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, huleta mawingu na mvua. Januari na Februari mbingu za Nairobi huwa wazi na jua huwa kali. Juni hadi Agosti mji huo aghalabu hufunikwa na mawingu mepesi ya chini, ingawa mvua ni haba. Kwa kanuni zilizoelezwa hapo juu, misimu hii haiwezi kuwa sawa kwa ozoni hata kama magari ni yaleyale.

Moto wa nyika una kalenda yake pia. Kaskazini mwa ikweta barani Afrika, savana huungua zaidi kati ya Desemba na Februari. Kusini, kati ya Julai na Oktoba. Mwaka 1992 utafiti mkubwa wa kimataifa ulithibitisha kwamba mioto ya Afrika kusini mwa ikweta na ya Amerika ya Kusini huchangia wingi wa ozoni unaoonekana juu ya Atlantiki ya Kusini kila mwaka majira hayo. Moto wa mkulima mmoja ni mdogo, lakini upepo huukusanya na mingine elfu.

Pwani, kalenda kuu ni ya pepo. Kaskazi, ivumayo takribani kuanzia Desemba hadi Machi, hutoka upande wa Asia. Kusi, ivumayo katikati ya mwaka, hutoka katika anga pana la Bahari ya Hindi ya kusini, ambalo hewa yake ya chini ni safi na ina ozoni kidogo. Mwaka 1999 mradi wa kimataifa wa utafiti wa Bahari ya Hindi uligundua kwamba majira ya kaskazi huleta utandu mkubwa wa uchafu kutoka Asia ya Kusini juu ya sehemu ya kaskazini ya bahari hiyo. Pepo zilezile zilizoleta majahazi, nguo na maneno ya Kiajemi, Kihindi na Kiarabu zinaweza pia kubeba gesi.

Upimaji wa mambo haya si mgeni Kenya. Kutoka Dagoretti jijini Nairobi, Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya imekuwa ikirusha maputo yenye vipimaozoni, na kituo hicho kimo katika mtandao wa vituo vya kusini mwa dunia ulioanzishwa mwaka 1998. Mwaka 1999 kituo kingine kilifunguliwa kwenye Mlima Kenya, mita 3,678 juu ya usawa wa bahari, chini ya mpango wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani. Huko mlimani mchana na usiku husimulia habari tofauti: mchana upepo hupanda mteremko ukibeba hewa ya nyanda za chini, usiku hewa hushuka, na kituo huonja hewa ya anga la mbali.

7.0 Suala la lugha

Chukua mfano wa tangazo la redio lisemalo: “Kiwango cha ozoni kitapanda kesho.” Msikilizaji aliyefundishwa tangu shule ya msingi kwamba ozoni ni ngao inayopungua na inayostahili kulindwa, ataielewaje sentensi hii? Yamkini atashukuru. Sentensi haina kosa la sarufi, na habari yake inaweza kuwa sahihi; lakini maana aliyoipata ni kinyume cha iliyokusudiwa. Mwenye pumu aliyefurahia habari hiyo anaweza kutoka alasiri kwenda kupunga hewa saa ileile ambayo angefaa kukaa ndani.

Njia ya kwanza ya kurekebisha ni kutaja mahali. Istilahi “ozoni ya ardhini” huweza kumjia mfasiri haraka, lakini kiambishi -ni kina utata hapa: ardhini ni juu ya ardhi na pia ndani ya udongo. “Ozoni mbaya” nayo ina kasoro, kwani hufanya zionekane gesi mbili, moja ya heri na nyingine ya shari, ilhali ni moja. Makala haya yanapendekeza “ozoni ya hewa ya chini”, na kwa upande wa stratosfia “tabaka la ozoni” kama lilivyozoeleka. Istilahi ya namna hii ni ndefu, lakini haidanganyi.

Njia ya pili ni kuitaja hali ya hewa pamoja na gesi. Hapa Kiswahili kina utajiri ambao haujatumiwa vya kutosha. Maneno “hali ya hewa” hutumika kwa mvua, jua na upepo, lakini kwa neno moja moja yana maana ya jinsi hewa ilivyo. Baadhi ya lugha hutenga kabisa jina la mvua na jua na jina la hewa yenyewe. Kiswahili kimeyaweka chini ya paa moja. Ozoni inadhihirisha kwamba paa hilo halikujengwa kwa bahati mbaya: hali ya hewa ndiyo huamua ubora wa hewa. Vilevile, maneno kama kaskazi, kusi, masika, kipupwe, alasiri na jua la utosi tayari yamebeba nyakati na nguvu za jua na upepo. Mtaalamu anayeyatumia hahitaji kumweleza msikilizaji upya.

Kwa hivyo, tangazo lile lingeweza kusomwa hivi: “Kesho jua litakuwa kali na upepo utatulia. Gesi ya ozoni itaongezeka katika hewa ya chini, inayovutwa na watu. Watoto, wazee na wenye pumu wapunguze kazi nzito za nje kuanzia saa saba mchana hadi saa kumi na moja jioni.” Tangazo hili limetaja sababu, mahali, wakati, wahusika na la kufanya. Halikuhitaji neno la kigeni zaidi ya ozoni yenyewe.

8.0 Hitimisho na mapendekezo

Imebainika kwamba ozoni ya hewa ya chini ni zao la ushirika kati ya uchafu wa binadamu na hali ya hewa. Binadamu huleta viungo, jua huvipika, hewa tulivu huvifunika, upepo huvipakua mahali pengine. Kwa kuwa binadamu hawezi kulizima jua wala kuuamrisha upepo, lililo mikononi mwake ni kupunguza viungo na kutoa taarifa mapema. Kazi ya kwanza ni ya wahandisi, watungasera na kila mwenye gari. Kazi ya pili, kwa sehemu kubwa, ni ya lugha.

Kutokana na hayo, makala yanapendekeza yafuatayo:

(i) Walimu na waandishi wa vitabu vya shule waifundishe ozoni kwa makao yake mawili, wala wasiishie kwenye tabaka la juu.

(ii) Watangazaji wa hali ya hewa waunganishe taarifa za jua na upepo na ubora wa hewa, wakitaja saa na watu walio hatarini.

(iii) Wanafunzi wa Kiswahili wanaoshughulikia istilahi na tafsiri wachunguze namna wasemaji wa mijini na mashambani wanavyolielewa neno ozoni kabla ya kupendekeza maneno mapya.

Wahenga waliyasoma mawingu wakajua mvua inakuja. Kizazi cha leo kina jukumu la kuisoma mbingu isiyo na mawingu, na kuwaambia wengine kwa lugha wanayoielewa.